Pampu ya Mlimani na Samaki Aliyeitwa Askofu

Mwanangu, picha ya pampu uliyonitumia kwenye simu nimeiangalia, nikavaa miwani, nikaiangalia tena. Unasema unataka kufuga samaki wa maji chumvi hapo kwako Mbinga, na pampu hii umeichagua kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko zote dukani. Mama yako aliposikia neno "nguvu" alicheka mpaka akaweka ungo chini. Anajua anachocheka. Basi usiichukue kwanza, nisikilize.

Siku anayoicheka naikumbuka vizuri, maana ilibaki kidogo tu nimkose huyo mama yako. Nilikuwa kijana wa Mpepai, fundi wa pampu kwenye mtambo wa kumenya kahawa, na nilijiona kweli kweli. Pampu zangu zilitoa maji mtoni, huko chini bondeni, zikayapandisha mpaka kwenye mtambo. Sisi watu wa milimani pampu tuliipima kwa swali moja: inafikisha maji wapi? Inayofika juu zaidi ndiyo nzuri. Swali la pili hatukuwa nalo.

Babu yako Anselmi, baba wa mama yako, alikuwa mwenyeji wa Mbamba Bay aliyestaafu kazi ya bandari huko Tanga. Alirudi nyumbani na ugonjwa mmoja usio na dawa: samaki wa baharini. Hebu fikiria. Ziwa zima liko mlangoni, lina samaki wa kila rangi, na mzee anaagiza chumvi ya bahari kwa ndoo, anaichanganya na maji ya mvua, anafuga sebuleni wageni kutoka pwani. Majirani walimcheka, yeye wala hakujali. Samaki wake mmoja, nusu zambarau nusu manjano, alikuwa anaogelea taratibu na wengine wote wanampisha. Huyo mzee alimwita Askofu.

Barua yangu ya posa ilikuwa imeshafika kwake, na siku ya kwenda kusikia jibu ilikuwa imepangwa. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Kasiani. Siku mbili kabla ya safari tukapata habari kwamba pampu ya tangi imekufa, na mzee anashinda amekaa hapo, anachota maji kwa kata na kuyamimina humo humo ili samaki wapate pumzi. Wengine wangesikitika. Mimi nilifurahi. Nikatuma ujumbe kwamba mzee asihangaike, mkwe anakuja na pampu.

Mwenye duka pale Mbinga, mama mmoja mpole, aliniuliza tangi lina ukubwa gani. Nikamwambia anipe pampu kubwa. Akauliza kama maji ni ya chumvi, maana chuma na chumvi haviivi chungu kimoja. Nikamjibu, "Mama, mimi ni fundi." Mtu akiulizwa swali akajibu kwa kutaja cheo, ujue hana jibu.

Tulisafiri kwa basi kuteremka ziwani, pampu imekaa kwenye kiti, baba mdogo amesimama.

Tulipoingia nikatoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba huku anatazama gunia lenye pampu.

"Hiyo ni ya tangi au ya kijiji?"

"Ya tangi, mzee. Hutasumbuka tena."

Mama yako, wakati huo mwalimu wa shule ya msingi pale pale Mbamba Bay, alisogea akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umeuliza hao samaki wanataka maji yaendeje?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya pampu aniachie mimi.

Nikaizamisha pampu, ikajaza pembe nzima ya tangi. Mpira wake nikaukunja urudi ndani. Nikawasha swichi.

Mpira ule uliruka kama nyoka aliyekanyagwa. Maji yakapiga dari, yakarudi ukutani, yakaangusha kalenda ya parokia. Mchanga uliokuwa chini ya tangi ukawa juu ya kochi. Askofu naye akapaa, kwa heshima zake zote, akatua kwenye kofia ya baba mdogo Kasiani. Mama yako anasema kofia ilikuwa kichwani, mimi nasema alikuwa ameivua na kuiweka mapajani. Tumebishana miaka yote hii. Kofia ilikuwa mapajani.

Mzee hakufoka. Alizima swichi, akamchukua Askofu kwa viganja viwili, akamrudisha majini, akasubiri mpaka alipomwona anapiga mapezi. Ndipo akanigeukia, maji yanamchuruzika kwenye nyusi.

"Kijana, kwenu Umatengo mnalima kwenye nini?"

"Kwenye ngoro, mzee."

"Yale mashimo mnayochimba mlimani. Kazi yake nini?"

"Kuyatuliza maji ya mvua, yasibebe shamba."

"Sasa watu wa kwenu wamechimba miaka yote hiyo kuyatuliza maji. Wewe nani alikufundisha kuyakimbiza?"

Mwanangu, aibu niliyoiona pale sijawahi kuiona tena. Nimezaliwa kwenye ngoro, mgongo wangu unalijua jembe la kule, na bado nilifika kwa watu nikafanya kazi ya mafuriko.

Mzee akamwambia mshenga kwamba jibu la barua lisubiri kwanza. Akanipa kata. Nikakaa kwenye kigoda, nikachota na kumimina, nikachota na kumimina, mchana kutwa. Mkono ulipochoka ndipo macho yakaanza kufanya kazi. Nikaona kwamba nikimimina kwa haraka Askofu anajificha nyuma ya jiwe, nikimimina polepole anatoka. Pampu ya kumfaa ingekuwa ndogo kama ngumi. Ningejua hayo dukani kama ningekuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Mama yako akaja kunipokea. Nilipokuwa nampa kata nikashtuka kwamba nimemwandikia posa, nimeshapanga nyumba Mpepai, nimeshapanga hata mahali pa jiko, na yeye sijamuuliza kitu. Nikamuuliza, "Wewe unapenda tuishi wapi?"

Akachota kata tatu kabla ya kujibu. "Hapa. Sitaki kuiacha shule yangu."

Moyo uliniuma, sitakudanganya. Nikasema, "Basi hapa."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akamwita baba mdogo, akamwambia, "Sasa jibu lipo."

Ndiyo maana wewe, Mmatengo, ulizaliwa ufukweni.

Kwa hiyo pampu hiyo iache dukani. Pima tangi lako kwanza. Uliza samaki wako wametoka kwenye maji ya namna gani, kwa sababu wapo wanaopenda mawimbi na wapo wanaotaka utulivu. Tafuta pampu ambayo chuma chake hakigusani na chumvi, kisha isikilize inavyonguruma, kwa kuwa utaishi nayo nyumba moja. Na huyo binti wa Ruanda, hapo hapo Mbinga, ambaye mama yako anadhani sijui habari zake, usimpangie nyumba kabla hujamuuliza. Yeye ndiye atakayeishi humo.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio jepesi la kusikiliza maneno ya watu. Samaki wako waishi, na siku utakayokwenda ukweni, kofia ya mshenga wako irudi nyumbani kavu.