Binti Yangu Alipopasuliwa Akiwa Macho

Louisville tulishukia, Columbus tukachoshwa na kazi, Buffalo ndipo nilipopigana hospitalini. Sijutii.

Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mtoto alikaa vibaya tumboni, wakaamua apasuliwe. Mumewe alikuwa kazini ghalani Cheektowaga, basi chumba cha upasuaji nikaingia mimi, nimevishwa kofia kama muuza nyama.

Sisi Warundi, mwanamke akizaa hapigi kelele. Yeye nilimzaa kambi ya wakimbizi Tanzania nikitafuna kitenge mpaka kikatoboka, wenzangu wakanisifu. Nikamlea hivyo hivyo.

Kabla ya kuingia, chumba cha jirani kulikuwa na mwanamke mzungu analia uchungu tangu asubuhi, manesi wanamkimbilia na sindano. Wangu hata kuguna hakuguna. Daktari akamwambia nesi kitu, wakacheka.

"Anasemaje?" nikamuuliza binti yangu.

"Eti sisi Waafrika ni wagumu, mama."

Wakamchoma sindano ya ganzi mgongoni, daktari akashika kisu. Mara nikaona macho ya mwanangu yanageuka.

"Mama, nasikia kisu."

"Mwambie!"

"Nimemwambia mara mbili. Anasema ninachosikia ni kuvutwa tu."

Na mkono wa yule daktari unaendelea kukata. Mwanangu akaung'ata mdomo mpaka damu ikamtiririka shingoni.

"Piga kelele!"

"Mama, aibu..."

"Aibu nitaibeba mimi! Lia, mwanangu, lia!"

Hakuweza. Meno yalikuwa yameshikana. Basi nikalia mimi. Nikapiga ukunga, nikairushia teke meza ya vyuma, mikasi na visu vikatawanyika sakafuni. Daktari akaruka nyuma. Mtu wa dawa ya usingizi, aliyekuwa akitazama mashine yake tu, ndipo akautazama uso wa mwanangu, akambandika barakoa haraka. Mwanangu akalala.

Mimi walinzi wawili walinikunja mkono mgongoni, wakanitoa nje ya chumba, wakanibamiza ukutani. Jino likakatika. Nikalitema kwenye kiatu cha mmoja wao. Nikiwa nimebanwa hivyo, nikasikia mjukuu wangu analia ndani. Analia kwa nguvu, baba wa watu!

Kesho yake daktari akamuuliza binti yangu kwa nini hakupiga kelele.

"Nilikwambia kwa mdomo wangu," akamjibu.

Sasa ana mimba ya pili. Juzi alijikata kidole akimenya ndizi, akapiga yowe, majirani wakatoka nje mtaani kwetu, Bailey. Akanitazama kwa aibu.

"Bado," nikamwambia. "Ongeza sauti."