Kapasita Nilizozipanga Zipendeze

Nichekeni, ila taratibu. Mimi ni fundi elektroniki hapa Tukuyu. Nilitengeneza bodi ya kuongoza mashine ya kukaushia chai ya wakulima wa Mpuguso, yenye chipu inayopangiwa kazi kwa kompyuta. Kapasita, vile vidude vinavyotuliza umeme wa chipu, nilizipanga mstari mmoja pembeni, mbali nayo, zipendeze.

Siku ya majaribio, kila mara chipu ilipoanza kazi bodi ilizimika na kujiwasha upya. Nikatangaza kama daktari bingwa, "Umeme wenu mchafu!" Nikazimisha feni, nikazimisha friji ya soda, mwisho nikamwomba hata jirani asimamishe mashine yake ya kusaga. Wateja wake wakaketi na mahindi yao. Majani ya chai yakazidi kunyauka.

Mhandisi Tusekile, niliyesoma naye, akainamia bodi. "Kapasita umeziweka mbali hivi kwa nini?"

"Muonekano," nikajibu.

Akachukua moja, akaibana kwenye miguu ya chipu. Mashine ikaunguruma bila kukatika.

Mama mwenyekiti wa wakulima akanigeukia mbele ya wote. "Kumbe umeme wetu mzima, mwanangu? Haya, nenda mwenyewe ukawaeleze wale wenye mahindi."