Nani Anatembea Mbele ya Meli?

Juzi kwenye duka la simu hapa Eldoret, mama mmoja wa Kapseret aliweka simu yake kwenye kaunta kwa mikono miwili. Binti yake ni nesi Ushelisheli, na tangu Jumapili hampati.

"Simu iko sawa, Mama," muuzaji akamwambia. "Ni ile kebo ya chini ya bahari inayofika hivyo visiwa. Imekatwa na nanga ya meli."

Mama akafikiri. "Kwetu paipu ya maji inapita chini ya mashamba. Trekta ikikuja kulima, mwenye shamba anatembea mbele yake akionyesha dereva mahali paipu iko. Sasa huko baharini, nani anatembea mbele ya meli?"

Muuzaji akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma ya Mama kwenye foleni. Mimi ni mwandishi wa safu gazetini, nalipwa kuwa na maoni; nikajifanya naangalia bei za chaja.

Mama akasogeza simu mdomoni, akarekodi polepole: "Mama yako ni mzima. Ile ng'ombe nyeusi imezaa."

"Haitaenda saa hii, Mama."

"Najua. Wakimaliza kuunganisha hiyo waya, nataka yangu ikuwe ya kwanza kupita."