Mguu wa Mama Mkwe

Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma. Hilo liliniuma kuliko yote.

Mwaka ule daktari wa Kibelgiji alianza kuleta wanafunzi wa uganga kwetu wafanye staji, yaani mazoezi ya kazi, wajionee namna watu wa vijijini wanavyougua. Stajeri mmoja aliachwa kwenye dispansari yetu, kwenye njia ya kutoka Baraka kupanda Fizi. Alikuwa na soksi nyeupe mpaka magotini na kalamu mbili mfukoni. Mimi shule niliiachia darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kuchemsha bandeji na kuzikunja. Niliipenda. Nikikunja, nilijiona munganga mkubwa, wagonjwa wamepanga mstari mpaka ziwani.

Basi mama wa mchumba wangu akapata donda ndugu, juu ya goti. Nilikuwa nimekwisha peleka mbuzi wa kwanza wa mahari kwao. Siku aliyokuja kutibiwa alinikuta nimeinama na beseni. Akageuka palepale, akarudi nyumbani na kidonda chake. Nani angemlaumu? Kwetu mwanaume hatazami paja la mama mkwe. Hata njiani nikimwona naingia majanini ili apite. Nikamwomba stajeri awe anamfuata nyumbani kila asubuhi. Alikubali upesi. Upesi mno, niliwaza baadaye.

Akawa anarudi na habari. Leo kapewa ugali wa muhogo na samaki wa mugebuka mzima. Leo binti kamchemshia maji, na yule binti, aliniambia, anajua kucheka. Mimi, mchumba wake, alikuwa hajanichekea hata jino moja. Tukikutana alikuwa anaangalia vidole vyangu vya miguu. Nikawa nafua bandeji na kuzikamua kama shingo ya mtu.

Asubuhi moja nilishika kikapu cha zile ambazo hazijachemshwa. Nikasema moyoni, kidonda kikinuka watamfukuza na soksi zake. Nilikuwa nimekwisha mnyooshea kikapu. Halafu nikaufikiria ule mguu nisioruhusiwa kuuona, unavyomzuia mama wa watu kufika shambani. Nikamwambia angoje. Nilizichemsha mara mbili, na moshi ukanipa sababu ya kufuta macho.

Donda likafunga. Stajeri akapanda lori kwenda Fizi. Alinikumbatia, nami nikampungia mkono kwa furaha ambayo haikuwa safi.

Kesho yake binti akaja na kikapu cha bandeji zilizobaki kwao, kazifua, kazikunja kama nizikunjavyo mimi. Nilimwuliza kama stajeri wao amewaachia majonzi.

"Ule iko na maneno mingi," alisema. "Alituchekesha. Lakini kucheka si kuolewa."

Akaweka kikapu chini.

"Mama anauliza, mbuzi ya pili itakuja lini? Anasema muguu iko muzima, ataweza kucheza siku ya ndoa."

Nilifurahi mpaka nikapiga teke beseni, maji yakamwagika yote. Ila nilipomsindikiza sikuweza kujizuia, nikamwuliza yule mtu alikuwa anawaambia nini hasa hata wacheke hivyo. Akacheka, meno yote nje, safari hii mbele yangu. Hakusema.

Sasa ni mke wangu, tunakula sahani moja. Bado hajasema.