Mizigo Ipande Kwanza

Mara ya kwanza nilipopanda ndege, nilipanda kama mzigo. Ndege yenyewe ilikuwa ya mianzi na maganda ya mgomba, imeegeshwa kati ya choo cha wavulana na bustani ya kabichi ya shule, na haikuwahi kwenda popote. Lakini mzigo ni mzigo. Nilivalishwa kipande cha karatasi shingoni kilichoandikwa "Bruxelles", mji mkuu wa Ubelgiji, nikaambiwa nijikunje mkiani mwa ndege pamoja na wenzangu wanne, nisiseme neno, kwa sababu masanduku hayasemi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa darasa la tano, katika shule ya msingi iliyokuwa juu kidogo ya mtaa wetu wa Biryogo, hapa Kigali. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na sote tulimwita Madamu. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu na imani moja kubwa: mtoto hajui kitu mpaka akishike. Tulipojifunza maziwa, alimwomba jirani wa shule alete ng'ombe na ndama wake darasani. Ng'ombe alikataa kuvuka kizingiti. Ndama hakukataa. Alipita katikati ya madawati mpaka ukutani, akang'ata ramani ya Afrika, na kwa kuwa nchi yetu ni ndogo, ilitoka yote kwa mng'ato mmoja. Walimu wengine walidhani hapo Madamu atatulia. Yeye alisema somo limeeleweka vizuri sana, akauliza nani kati yetu amewahi kuona ndege ikiwa chini.

Hakuna aliyekuwa ameiona. Tulizijua ndege za juu tu, zile zilizokuwa zikipita zikielekea uwanja wa ndege wa Kanombe, tukizikimbilia barabarani kama vile zingetudondoshea kitu.

"Basi tutatengeneza yetu kwanza," alisema, "kisha tutaenda kuwaonyesha wenye uwanja wao jinsi tunavyojua."

Tulitengeneza. Wavulana walileta mianzi, wasichana tukasuka maganda ya mgomba yawe mbawa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake kando ya msikiti, na nilimwambia kwamba Madamu anahitaji ule mfuko mrefu wa kitambaa unaotundikwa uwanjani kuonyesha upepo unatoka wapi. Baba aliushona kwa mabaki ya mapazia ya maua mekundu. Ulipendeza mno, ukawa unafanana na suruali ya bibi harusi yenye mguu mmoja.

Kisha zikaja kazi. Mvulana aliyeongoza kwa Kifaransa akafanywa mwendesha ndege. Wawili wakawa askari wa forodha, wakapata raha ya kupekua mifuko ya wenzao na kula viazi walivyovikuta. Wasichana wawili warefu wakawa wahudumu. Waliobaki wakawa abiria, na abiria walipojaa, tukabaki sisi watano, wote kutoka Biryogo, tuliokuwa tumechelewa siku ile kwa sababu tulikuwa chuoni kusoma Kurani.

Madamu alitutazama, akaitazama ndege, akafikiri.

"Ndege haiendi bila mizigo," alisema.

Nililia nyumbani. Mama, aliyekuwa akikunja sambusa, alisema mzigo ndio kitu cha maana kuliko vyote ndani ya ndege, maana mtu akipotea atauliza njia, lakini sanduku likipotea ndiyo basi. Haikunisaidia.

Jambo lingine lililotutenga sisi wa Biryogo lilikuwa lugha. Nyumbani tulisema Kiswahili. Babu wa baba yangu alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa hapa, akabaki hapa, na Kiswahili chake kikabaki nasi kikizidi kuchakaa kila kizazi kama shati la kurithiana. Shuleni hakikutakiwa. Shuleni ilikuwa Kinyarwanda, na Kifaransa cha kukariri. Tukijisahau uwanjani tukaitana kwa Kiswahili, wenzetu walitucheka, wakijifanya wanaficha mifuko yao, kwa kuwa mjini ilisemwa kwamba anayeongea Kiswahili ni mjanja wa sokoni. Madamu naye, mwema kama alivyokuwa, alitukataza. "Hiyo ni ya kupatana bei ya vitunguu," alituambia. "Hapa tunasoma."

Siku ya safari ilifika. Tulipanda lori la baba wa mwenzetu mmoja, lililokuwa likipeleka maharage soko la Nyabugogo siku nyingine zote. Tulisimama nyuma tumeshikana viuno, tunaimba, tunaruka kila shimo, na maharage yaliyosahaulika sakafuni yakawa yanatutelezesha kama goroli. Njia nzima mvulana wetu wa Kifaransa alikuwa akirudia sentensi yake midomoni kama mtu anayesali. Madamu alikuwa amemwandikia hotuba fupi ya kumsalimia mwendesha ndege wa kweli: tunakusalimu, bwana, tunakushukuru, tunaomba utueleze ndege inavyopaa. Sote tuliijua kwa moyo kwa jinsi alivyoirudia.

Tulipofika Kanombe, mfanyakazi mmoja wa uwanja, mzee mpole mwenye koti la kaki, alitupandisha kwenye baraza ya juu ambapo watu walisimama kuwapungia wasafiri. Tulikaa. Tukala viazi. Tukakaa tena. Mwishowe ndege ya abiria ikaja, na hapo nikagundua kwamba sikuwa nimeelewa chochote kuhusu ndege. Sauti yake iliingia tumboni. Nusu ya darasa ilipiga kelele za furaha, nusu ikaingia chini ya mabenchi, na mmoja wa askari wetu wa forodha akamkumbatia Madamu kiunoni akakataa kumwachia mpaka injini zikazimwa.

"Tunaweza kuigusa?" Madamu alimwuliza yule mzee.

"Ile haiwezekani, Madamu. Ina abiria." Alikuna kidevu. "Lakini kuna ile ya kahawa."

Miaka ile kahawa nyingi ilikuwa ikitoka kwa ndege, kwa sababu barabara za nchi jirani za kwenda pwani hazikuaminika. Pembeni kabisa mwa uwanja ilisimama ndege nene, yenye madoa ya mafuta, mlango wake wa ubavuni wazi, na wapakizi wamelala juu ya magunia wakisubiri ruhusa fulani. Chini ya ubawa wake walikaa wanaume wawili wenye mashati meupe, wanakunywa chai kwenye chupa.

Tulipangwa mistari miwili. Mvulana wetu akasogea mbele, akakunja mikono nyuma, akaimwaga hotuba yake yote bila kukosea hata herufi. Tulimpigia makofi. Yule mwanaume mnene kati ya wale wawili alisimama, akatabasamu, akatutazama mmoja mmoja, akasema:

"Mwanangu, umesema vizuri sana. Lakini mimi Kifaransa sikijui. Hakuna anayesema Kiswahili hapa?"

Alikuwa mtu wa Mombasa.

Madamu alikuwa na maneno yake machache ya sokoni, lakini pale yalimkimbia yote. Mzee wa koti la kaki naye alikuwa amekwenda kuongea na wapakizi. Nikaona vichwa vinaanza kugeuka, kimoja kimoja, mpaka darasa zima likawa linatutazama sisi watano nyuma ya mstari.

"Wewe," Madamu aliniambia. "Mzigo. Njoo huku mbele."

Nilikwenda. Adabu za nyumbani zilinisaidia. Nikampa mkono. "Salaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam!" Uso wake wote ulifunguka. "Kumbe nimefika nyumbani! Karibuni, karibuni nyote. Mimi ndiye rubani."

Sasa hilo neno sikuwahi kulisikia. Biryogo tulisema piloti, au dereva wa ndege. Nilifikiri haraka. Mtu ametoa mkono, amesema karibuni, kinachofuata ni jina.

"Anasema karibuni," niliwaambia wenzangu kwa Kinyarwanda. "Anaitwa Rubani."

"Muraho, Bwana Rubani!" darasa lilijibu kwa sauti moja.

Alifurahi sana. Akamshika mwenzake bega. "Na huyu ni rubani msaidizi."

"Huyu ni mdogo wake," nikatafsiri. "Anaitwa Rubani pia. Rubani Msaidizi."

Madamu aliandika majina yote mawili kwenye karatasi yake, akaniuliza kama ni mama mmoja au mama tofauti. Nikaona aibu kuwauliza. Nikasema mama mmoja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Bwana Rubani alieleza mbawa, nikaeleza mbawa. Alieleza injini, nikaeleza injini. Alipofika kwenye mambo ya hewa na mgandamizo, nikawaambia wenzangu anasema ni kazi ngumu sana, nao wakaitikia kwa heshima. Alisema kwa mkupuo mrefu, mimi nikatoa mfupi, na Madamu akawa ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Amesema hayo tu?"

"Kiswahili kina maneno mengi, Madamu."

Kisha Madamu akataka mvulana wetu asimulie jinsi tulivyotengeneza ndege ya shule, ili wenye kazi wajue. Alisimulia, nami nikahamisha: kuna mianzi, kuna forodha, huyu alikuwa piloti, wale abiria. "Na wewe ulikuwa nani?" Bwana Rubani aliniuliza.

Niliangalia chini. "Mimi ilikuwa mzigo. Na hawa wanne."

Alitazamana na mdogo wake. Wakaanza kucheka, cheko la kujishika magoti, mpaka wapakizi wakaamka juu ya magunia. Nikaona machozi yananijia. Lakini akaniinamia akanishika kichwa.

"Mama, sikiliza. Hii ndege yangu haina kiti hata kimoja. Haijawahi kubeba abiria. Inabeba mizigo tu. Sasa waambie wenzako: mizigo ipande kwanza."

Niliwaambia. Sikupunguza hata neno moja.

Nyuso zile sijazisahau. Mvulana wa Kifaransa alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi, akalazimika kuushusha. Tukapita sisi watano, taratibu kabisa, hakuna aliyetusukuma. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya kahawa mbichi, kamba zimetandazwa sakafuni, kuta za bati tupu. Wenzetu walipoingia nyuma yetu waliuliza viti viko wapi, dirisha liko wapi, chakula kinatolewa saa ngapi. Sisi hatukuuliza. Tulikwenda moja kwa moja mpaka mkiani, tukajikunja kati ya magunia kama tulivyofunzwa, na Rubani Msaidizi akatupitishia kamba kiunoni akaikaza. Madamu naye aliingia, akagonga kichwa, akakaa juu ya gunia miguu imenyooka mbele kama mtoto. Aliushika ukuta wa ndege kwa viganja vyote viwili, akaviacha pale muda mrefu. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa hajawahi kuishika ndege.

Nyumbani jioni nilimsimulia baba kila kitu, na nilipofika kwenye wale ndugu wawili, mguu wake ukasimama kwenye cherehani.

"Wanaitwa nani?"

"Rubani. Na Rubani Msaidizi."

Baba alilaza kichwa juu ya kitambaa alichokuwa akishona, mabega yakamtetemeka. Alipoweza kusema alinieleza neno lile maana yake nini, akanieleza tena kwa sababu nilikataa kuamini. "Babu yako angekuchapa," alisema akifuta macho. "Kisha angekupa peremende. Kesho mwambie mwalimu wako."

Nilikwenda mapema. Nilikuta nimechelewa: ukutani, palipokuwa na ramani iliyong'atwa, tayari kulikuwa na karatasi kubwa, na Madamu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba ndege ya kahawa inaendeshwa na ndugu wawili wa tumbo moja, familia ya Rubani kutoka Mombasa.

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaisoma ile karatasi tena, midomo ikicheza. "Na mama mmoja ulimtoa wapi?" aliuliza. Nikamwambia niliona aibu kuwauliza. Akacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia mlangoni, akaibandua karatasi, akaikunja akaiweka mkobani mwake badala ya kuitupa.

Hakusema tena habari ya vitunguu. Ila siku chache baadaye nilimkuta kwenye kibanda cha baba, amekaa kwenye kiti cha wateja, anauliza maneno na baba anamjibu huku akishona. Alikuja tena, na tena. Alichanganya herufi zake kama Wanyarwanda wengi, mchele ukawa "mchere" na barua ikawa "balua", na baba, mtu wa adabu, alikohoa kila alipotaka kucheka.

Mwisho wa muhula alitupeleka soko la mjini kujifunza vipimo. Tulimfuata tumeshika vikopo na mizani tuliyotengeneza wenyewe kwa vibao. Alisimama mbele ya mwanamke muuza mchele, akavuta pumzi kama mtu anayeingia mtoni.

"Mama, mchere iko bei gani?"

Yule mama alimwonea huruma, akamjibu kwa Kinyarwanda.

"Hapana," Madamu alisema, akatikisa kidole. "Sema Kiswahili. Mimi iko najifunza."

Sisi watano wa Biryogo tulitazamana. Mmoja wetu akataka kumsahihisha, nikamkanyaga mguu. Muuza mchele akainua kopo lake, akaanza upya, polepole, kwa Kiswahili, na Madamu akasogea mbele ili asikie vizuri.