Robo Saa Mbele ya Simu

Saa nne asubuhi, watu wakiwa mashambani, Tatu Mdoe wa Misima, ambaye kila mtu anamwita Mama Yusra, alifunga mlango kwa komeo. Kwetu Handeni mchana mlango haufungwi hivyo. Anayefunga ama amegombana na mumewe, ama amezidiwa na ugonjwa. Na mume, yeye alikwishamzika.

Kesho yake alikuwa aende Korogwe akapande basi, kisha ndege ya Marekani, kwa Yusra, mwanawe wa pekee. Yusra alikuwa karibu kujifungua, na mwanamume aliyempa mimba amekwenda zake. Lakini enzi zile za korona Marekani huingii bila cheti cha kuonyesha huna kirusi, na kwenda kupimwa Dar es Salaam na kungoja majibu kungemchelewesha ndege. Yusra akampa msafiri kipimo cha kujipimia nyumbani amletee. Kimoja tu, na masharti yake: ujipime mbele ya simu, msimamizi anakutazama, usiondoke machoni pake wala kuzungumza na mtu mpaka robo saa iishe. Ukikosea, kipimo kimeharibika.

Safari hiyo Mama Yusra hakumwambia mtu. Sisi husuda tunaiogopa kuliko hiyo korona yenyewe. Halafu angemwambia nani? Tangu mbuzi wake aingie kwenye mahindi ya jirani yake Shamsia, wawili hao walisalimiana kwa mbali, kwa kidevu. Jioni alikula peke yake na redio, akiiacha iseme tu hata asipoisikiliza. Upweke ulimchosha kuliko jembe.

Msimamizi alikuwa dada aitwaye Grace, mwenye Kiswahili cha Nairobi.

"Mama, ingiza kijiti puani. Zungusha. Vizuri. Sasa tungoje, usitoke hapo."

Mama Yusra akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Zilikuwa siku nyingi tangu mtu amtazame usoni muda wote ule. Akajikuta anamtabasamia.

"Hodi!"

Sauti ya Shamsia. Mdomo ulishafunguka kusema karibu, akaubana.

"Hodi, Mama Yusra! Hodi jamani!"

Mlango ukasukumwa, komeo likagoma. Dirisha likagongwa. "We Tatu! Umo?" Kisha kimya, halafu mbio, halafu yowe lililoshuka mpaka mashambani. Mama Yusra alilielewa yowe lile. Machozi yakamtoka, lakini hakusogea. Zilibaki dakika chache, na mwanawe alikuwa anamngoja.

"Vunjeni! Amefia ndani!"

Mlango ukaanguka. Wa kwanza kuingia alikuwa jirani mwingine, Sharifu, mchi mkononi, nyuma yake nusu ya kitongoji na majembe yao. Shamsia akamrukia Mama Yusra na kumkumbatia, meza ikapinduka na kila kilichokuwa juu yake.

"Nisamehe mwenzangu! Mbuzi kitu gani!"

Simu ilikuwa sakafuni, Grace bado anaonekana. "Pole sana, Mama," alisema. "Kipimo hicho hakihesabiki tena."

Wengine hawakumsikia. Walicheka kwa ahueni, wakamgombeza. "Mtu unapigiwa hodi unanyamaza! Una akili wewe?" Sharifu aliahidi kurudi jioni kuutengeneza mlango. Baadaye wakarudi mashambani mmoja mmoja, na Shamsia akaenda kwake kumpikia uji. Nyumba ikabaki wazi, jua likiingia mpaka chini ya kitanda.

Yusra alipopiga, mama yake alimweleza yote. Upande wa pili kulikuwa na kilio tu, kwa muda.

"Kwa hiyo nitajifungua peke yangu," Yusra alisema. "Mama, ungewaambia tu majirani wasije. Robo saa tu! Kwa nini hukuwaambia?"

Mama Yusra alifuta simu kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu," alisema, "sikujua kama yupo wa kuja."