Mashindano ya Mwisho ya Kivukoni

Siku hizi watu wanaovuka Kilombero hupita juu ya daraja bila hata kuyatupia maji jicho. Mimi nililelewa na mtu aliyeyatazama maji hayo maisha yake yote: babu yangu mzaa mama, Wendelin, Mndamba wa Kivukoni. Kila masika mto ulipofurika na bonde zima kugeuka bahari isiyoonyesha ng'ambo, alikaa kibarazani akiusikiliza upepo, na uso wake ukarudi ujanani.

Ujanani mwake, kabla hajabatizwa, masika ulikuwa msimu wa mashindano. Wavuvi walivuka kutoka Kivukoni hadi ukingo wa upande wa Ulanga kwa nguvu za upepo tu. Tanga lao lilikuwa jani la mvumo, mti wa porini unaofanana na mnazi, ambao jani lake ni pana kuliko ungo. Walilisimamisha mbele ya mtumbwi, na kafi likabaki kuwa la kuongozea. Aliyetangulia kufika ndiye aliyechagua kwanza mahali pa kutega samaki maji yatakapopungua. Sheria ilikuwa moja: mtumbwi ukipinduka, aliye karibu atasimama, hata kama anaongoza. Aliyempita mtu majini hakualikwa tena kula na wenzake.

Kisha vikaja Vita vya Maji Maji. Vilipozimwa, askari wa Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na bonde likashikwa na njaa. Wapo wanaoiandika njaa ile kana kwamba ilishuka na mvua. Sikubaliani nao. Njaa ile iliamriwa, na walioiamuru walikuwa wameshiba.

Watu walibaki kuishi kwa samaki. Ndipo akida mmoja, mtawala mdogo aliyewekwa na Wajerumani, alipotoa amri kwamba mitumbwi ichomwe, kwa sababu iliwavusha wapiganaji. Kivukoni ikabaki miwili: wa Babu na wa Fulgensi, shemeji yake. Akida alisema serikali inahitaji mtumbwi mmoja tu wa kuvushia mizigo, na mwenye nao ataruhusiwa kuvua; mwingine utachomwa. Kwa kuwa alikwisha kusikia habari za mashindano, aliagiza upepo uamue. Kisha akamwingiza mtumishi wake mwenyewe, mgeni wa bonde, katika mtumbwi wa tatu aliounyang'anya kijiji jirani. Yeye angengoja ng'ambo.

Bibi yangu Justa alikuwa mke wa mshindani mmoja na dada wa mwingine. Asubuhi hiyo hakumtakia heri yeyote. Alisimama ukingoni, mikono kifuani. Fulgensi alikuwa amekata jani bichi, kubwa kupita yote. Babu, aliyelikausha lake juu ya meko, alimwonya kwamba jani lenye maji huelemea mtumbwi.

"Shemeji," Fulgensi akamjibu, "wewe endelea kubanika majani. Ukifika ng'ambo utanikuta nimeshakula."

Na kweli aliwaacha. Jani lake lilijaa upepo, mtumbwi ukakata maji, naye akawa anageuka nyuma kumcheka Babu. Katikati ya mafuriko, mahali pasipoonekana mti wala paa, upepo uligeuka ghafla. Lile jani zito likalala upande mmoja na kuupindua mtumbwi wote. Mkondo uliubeba kuelekea kwenye matete, ukimwacha Fulgensi akipigapiga maji.

Babu sasa ndiye aliyeongoza. Mtumishi wa akida alikuwa nyuma yake kidogo. Babu aliniambia kwamba aliwaona watoto wake usoni, mmoja mmoja, wakiwa na njaa. Kisha akaliangusha tanga.

Mtumishi aliwapita akitazama mbele.

Walipofika ng'ambo, mtumbwi wa Babu ulivutwa nchi kavu na kuchomwa mbele ya macho yao. Aliuchonga kwa mikono yake, tangu mti ulipoangushwa. Leo akaambiwa hakuwa na haki nao kwa sababu alimwokoa mtu. Akida aliuliza mtumbwi wa Fulgensi uko wapi. Mtumishi wake akamwambia umekwenda na maji, naye akauhesabu kuwa umepotea.

Lakini mtumbwi wa mti hauzami. Maji yalipotulia, wale mashemeji wawili waliutafuta mpaka wakaukuta umenaswa ndani kabisa ya matete. Wakauacha hukohuko, mahali ambapo askari hawakuthubutu kukanyaga, na nyumba zote mbili zikala samaki wake mpaka mpunga ulipostawi tena.

Nilimkuta Fulgensi akiwa mzee sana. Kila alipokuja kutusalimu, kabla hata hajakalishwa, alianza:

"Wendelin, mtumbwi wa nani ulibaki?"

"Wako, shemeji."

"Basi nani alishinda?"

Babu alimsogezea kigoda, na Bibi Justa akaenda kumletea samaki.